Kasorobo

Barua ilinifikia saa nane za usiku.
Umeme umekatika Guraya nzima,
simu imesaliwa na asilimia kumi na moja,
nami nimekaa ngazini, juu ya kiduka cha Swaleh fundi cherehani,
mahali pekee ambapo mtandao hunishika mkono.

Tunasikitika, ilianza.
Anayeanza kwa masikitiko keshaamua.

Programu yako, Staftahi, toleo la kwanza,
haitaingia dukani mwetu.
Mosi: tuliifungua, hatukukuta cha kununua.
Kila mpishi ameandika, Zimekwisha, njoo alfajiri.
Pili: saa yake ina kasoro.
Simu yetu ilionyesha 1:00,
programu yako ikasema saa saba.
Rekebisha, kisha ulete tena.

Nikaisoma mara tatu, ya tatu kwa sauti.
Paka wa Swaleh akanitazama
kama shahidi asiyetaka kuitwa mahakamani.
Miezi saba.
Niliacha meza yangu kwa wakala wa forodha, Kilindini,
nikauza friji (friji, katika joto la Februari!)
nikanunua kompyuta ya mtumba isiyo na herufi B,
kila "Bi" iliyomo mle nimeinakili na kuibandika.

Kulipokucha nikamwendea Bi Shumi.
Karai limeshika moto, mjukuu yuwakata unga pembe tatu.
Sikumtajia kanuni wala toleo.
Nilimsomea tu yaliyoandikwa.

"Mtu huyo alitaka mahamri saa saba za usiku?"
"Ndiyo, Bi."
"Ana mimba?"
"Sijui, Bi. Huenda ni mashine."
Akageuza hamri. Likafura.
"Na hiyo saa yake, yeye huanza kuhesabu lini?"
"Usiku wa manane."
"Watu wamelala?"
"Wamelala."
"Basi nani aliyeiona siku ikianza?"

Akanifungia manne kwa gazeti, na mbaazi kwenye kikopo.
Hakutaka pesa,
jambo lililonitisha kuliko barua.

Jibu la kwanza lilikuwa matusi; nikalifuta.
La pili nilijikunyata mno,
ningeona haya mamangu alisome.
La tatu:

Mpendwa Mkaguzi,
hiyo si kasoro.
Huku siku huanza ikionekana.
Mshale ukigusa saba, sisi twasoma moja,
na hakuna mtoto wa chekechea aliyechelewa kwa sababu hiyo.
Na ukikuta rafu tupu, hakijaharibika kitu:
Bi Shumi amelala.
Hauzi cha jana.

Ningeishia hapo. Lakini kodi ni tarehe tano,
kwa hiyo nimekuumbia mpishi wa majaribio.
Jina lake Bi Mfano.
Halali, haugui, hana mazishi ya kwenda Mtongwe,
karai lake lachemka usiku na mchana
kwa ajili ya mteja mmoja, ambaye ni wewe.
Mahamri yake hayana iliki. Hayana chochote.
Agiza utakavyo.

Saa sikuigusa.

Umeme ukarudi, feni ikaanza kulalama,
chini kwa Swaleh cherehani ikaitikia.
Nikajifuta mafuta vidoleni, nikabonyeza Tuma.
Skrini ikaandika: Inasubiri kukaguliwa.
Na pembeni, kwa hati ndogo niliyoichagua mwenyewe,
saa mbili kasorobo.